Pikapu kuukuu na Kiswahili tusichokifunza

Anayetaka kujua iwapo Kiswahili kinaweza kubeba maarifa ya kiufundi asijisumbue kuhudhuria kongamano. Anunue gari kuukuu. Kongamanoni atasikia mada kumi kuhusu uwezo wa lugha hii, baadhi yake zikiwa zimeandikwa kwa Kiingereza, kisha atarudi nyumbani na mkoba wenye nembo. Akinunua gari kuukuu atalazimika, kabla ya juma kwisha, kueleza kwa Kiswahili kilichonyooka sauti inatoka upande gani, inaanza gari likiwa katika gia ya ngapi na inakoma anapofanya nini. Asipoeleza sawasawa, atalipia kifaa ambacho hakikuwa kibovu.

Nayasema haya kwa kuwa mwaka jana nilinunua pikapu aina ya Peugeot 504 kutoka kwa mwalimu mkuu mstaafu aliyekuwa akiitumia kupelekea maziwa sokoni. Namba yake ina herufi tatu na tarakimu tatu basi, bila ile herufi ya mwisho tuliyoizoea tangu mtindo wa KAA uanze mwaka 1989. Nililipa shilingi 160,000. Wenzangu chuoni waliniuliza, wengine kwa huruma ya kweli, kwa nini nisichukue mkopo nikanunua gari la maana. Nina shamba dogo na ng'ombe wawili, na nyasi hazipandi gari la maana.

Msomaji kijana huenda asijue gari hili lilikuwa nini katika nchi hii. Peugeot 504 ilianza kuuzwa Ufaransa mwaka 1968, na pikapu yake ikafuata mwaka 1979. Jamaa yake wa abiria alishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1975 akiendeshwa na Ove Andersson, na mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda tena kwa 504 ya milango miwili. Magari ya aina hii yaliunganishwa humu humu Kenya. Pikapu yake ilibeba kahawa, walimu, wagonjwa, mbuzi na maiti, na wakati mwingine vyote isipokuwa maiti kwa safari moja. Nyuma haikuwekewa springi za kuzunguka kama za gari dogo bali vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na ndiyo sababu iliweza kubeba mzigo ambao gari lingine la ukubwa wake lingeketi chini. Tena, kwa kuwa sheria zetu haziruhusu kuingiza nchini gari lililozidi miaka minane, gari la namna hii ukiliona barabarani leo jua limezeekea hapa. Limezeeka pamoja na mafundi wake. Fundi wengi waliozidi miaka hamsini walijifunzia kazi wakiwa wamelala chali chini ya 504 au dada yake mkubwa, 404.

Fundi niliyekwenda naye kuikagua ni mmoja wa hao. Nitamwita Fundi tu, kwani ndivyo kila mtu amwitavyo, naye huniita Mwalimu. Alipofika hakulitazama gari hata kidogo upande ule ambao mwenyewe alikuwa ameuosha. Alitoa mfukoni kipande cha sumaku akaanza kukipitisha taratibu kando ya milango na juu ya magurudumu ya nyuma. Pale sumaku iliposhika, alinyamaza. Pale ilipoteleza, alisema, "Hapa ni unga." Alikuwa na maana kwamba bati lililiwa na kutu, pengo likajazwa lile tope la kufanyia bodi, likapigwa msasa na rangi ikapakwa juu. Nilipomsifia rangi alinijibu, "Mwalimu, rangi ni nguo. Angalia mifupa." Akaingia chini na kuanza kugongagonga chesisi kwa mpini wa bisibisi, akisikiliza kama daktari anayegonga kifua.

Kisha akafungua kifuniko cha oili. Aliniambia kwamba oili ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia mahali pasipo pake, na gasketi ya silinda hedi haina budi kutazamwa. Akawasha injini, akaniagiza nisimame nyuma nimweleze rangi ya moshi. Nikasema ni wa samawati. Akauliza kama ni wa samawati wakati wote au anapoachilia mafuta na kukanyaga tena. Moshi wa samawati, alieleza, ni oili inayoungua. Mweusi ni petroli iliyozidi hewa. Mweupe mzito usioisha hata injini ikishapata moto ni maji. Haya aliyasema akiwa ameinama juu ya injini, kwa sentensi zisizozidi maneno kumi, na kila sentensi ilikuwa na chanzo na matokeo yake.

Ningependa walimu wa Kiswahili waisome upya aya hiyo iliyotangulia. Hilo ni somo la mwako. Mwanafunzi wa sekondari hulipata katika kemia kwa Kiingereza, akalikariri, akalijibu kwenye karatasi, na akamaliza shule bila kujua kwamba jirani yake asiyevaa tai analijua somo hilo hilo na kulitumia kila asubuhi. Wala jirani hajui kwamba anachokijua kinaitwa sayansi. Baina yao hapana lugha, ingawa wote wawili wanazungumza Kiswahili.

Tuliifungua injini mwezi wa Aprili. Nasema tuliifungua kwa maana ya heshima tu, kwa sababu kazi yangu ilikuwa kushika taa na kuandika. Wema mmoja wa injini za Peugeot za wakati ule ni kwamba silivu zake, yaani yale maganda ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, hutoka. Zikichakaa huzing'oi na bloki nzima wala hupeleki bloki kuchongwa. Unazitoa, unaweka nyingine pamoja na pistoni na ringi zake, unafunga. Maji hupita moja kwa moja nje ya ganda lile, kwa hiyo mahali pa chini ambapo ganda hukalia bloki pasipozibwa vyema, maji yatashuka kwenye oili na ile chai ya maziwa itarudi. Mwanagenzi wa Fundi, kijana wa miaka kumi na tisa, aliambiwa jambo hilo mara tatu. Mara ya nne aliulizwa yeye.

Ilipofika wakati wa kurudisha silinda hedi nilisikia maagizo ambayo niliyaandika neno kwa neno: "Zote kwanza kwa mkono. Halafu spana. Anza katikati uende nje ukivuka. Usimalize moja, zote zikaze pamoja." Ukikaza bolti moja hadi mwisho kabla ya zile nyingine, hedi hupinda kidogo sana, jicho lisione, na gasketi hupata njia ya kuvujisha. Maagizo hayo yana mpangilio, yana katazo, na sababu yake ilitolewa baadaye kijana alipouliza. Sijui ni mtungaji gani wa vitabu vya kiada ambaye angeyaandika kwa uchache huo wa maneno asipoteze kitu.

Hapa naomba ruhusa ya kuingia kidogo katika kazi yangu ya kila siku. Tunapofundisha mnyambuliko wa vitenzi, aghalabu tunapofika kwenye kauli ya kutendua hutoa mifano ile ile: anika na anua, funika na funua. Mwanafunzi huikariri kama orodha ya wafalme. Gerejini kauli hiyo ndiyo inayoshikilia kazi nzima. Waya huchomekwa na kuchomolewa. Bomba la petroli huzibwa na kuzibuliwa. Bolti hufungwa na kufunguliwa. Waya uliokunjwa hukunjuliwa. Kazi ya fundi kwa sehemu kubwa ni kutendua na kisha kutenda tena kwa mpangilio ule ule kinyume chake, na lugha yetu imempa kiambishi kimoja cha kulifanyia hilo. Halikadhalika kauli ya kutendeka. Fundi akisema nati "haifunguki" hasemi kwamba hakuna aliyeifungua. Anasema nati yenyewe imekataa, na mara moja kijana hufuata mafuta ya kulainishia kutu badala ya kufuata spana ndefu. Tofauti baina ya "haijafunguliwa" na "haifunguki" ni tofauti ya kichwa cha bolti kukatika au kutokatika.

Lakini kilichonikalisha chini kabisa ni breki. Kitenzi ni kimoja, kushika. Breki ikishika, ni nzima. Isiposhika, hilo kila mtu analielewa, hata asiyetaka. Breki "inashika chini" maana yake pedali hukaribia sakafu kabla gari halijasikia, na hapo hewa imeingia kwenye mabomba au breki za nyuma zinahitaji kukazwa. Breki "inashikilia" ni ile ambayo umeondoa mguu nayo haijaachia, gurudumu likapata moto na petroli ikaliwa bure. Breki "zimeshikana" ni zile zilizokaa mwezi mzima bila kutumika hadi kutu ikazigandisha. Hizo ni hitilafu tatu, dawa tatu na bei tatu, na kinachozitenganisha ni viambishi na neno moja dogo la mahali. Nimefundisha ile dhana ya kitenzi kunyambuliwa katika kutendea mara mbili, shika ikawa shikia kisha shikilia, kwa miaka mingi kwa kutumia mishale ubaoni. Sasa ninatumia breki, na hata wale wa viti vya nyuma huinua vichwa.

Msomaji mwenye masikio makali atakuwa na pingamizi. Atasema kwamba haya ya gereji si Kiswahili bali ni Kiingereza kilichovishwa irabu: spana, nati, bolti, gasketi, kabureta, klachi. Pingamizi hili nimelisikia kwa walimu ninaowaheshimu, na nadhani limesimama juu ya mguu mmoja. Hayo maneno garage na chassis, Waingereza wenyewe waliyachukua kwa Wafaransa, wala sijasikia mwalimu wa Kiingereza akiyaonea haya. Na sisi hatukuanza jana. Gari lenyewe lilitufikia kutoka Bara Hindi. Usukani ni neno la Kiarabu lililokuwa likiongoza jahazi karne nyingi kabla ya kuongoza matatu. Parafujo na bomba tuliyapata kwa Wareno, na karakana, ambayo leo ndiyo neno tukufu la vitabuni, ilipitia Uajemi na Bara Hindi. Kando yao limekaa nyundo, neno la Kibantu la tangu na tangu, na hakuna anayeona kwamba nyundo na spana haziwezi kulala katika kisanduku kimoja. Lugha ya ufundi popote duniani husafiri pamoja na chombo. Kinachotuambia kwamba neno limekuwa letu ni kama linakubali kazi zetu: kama lina upatanisho wake, kama linaingia ngelini bila kusukumwa, kama mtu ambaye hajawahi kukanyaga darasa la Kiingereza anaweza kulikosoa likitumiwa vibaya. Kwa vipimo hivyo klachi ni Kiswahili kuliko maneno mengi ambayo sisi wasomi tumeyabuni.

Na tumeyabuni mengi. Niliwahi kuonyeshwa orodha ya istilahi ambamo plagi ilikuwa imegeuzwa "kiwashacheche." Nilimpelekea Fundi neno hilo. Alilirudia mara mbili kwa adabu, kisha akamwambia kijana alete plagi.

Sisemi kwamba kazi ya kuunda istilahi ni bure. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na yeyote aliyejaribu kufundisha sayansi kwa Kiswahili ana deni kwa watu wale. Tofauti ninayoisisitiza ni kwamba kwa dhana isiyo na jina tunaunda, lakini kwa kitu ambacho maelfu ya watu wanakitaja kila siku, kazi yetu ya kwanza ni kwenda kusikiliza. Gereji za Mombasa hazitaji kila kitu kama gereji za Kisumu, na hata ndani ya Nairobi mtaa na mtaa. Mwanaisimu wa kweli angeifurahia tofauti hiyo, akachukua daftari. Ukienda Barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee wa spea bado wanaiita Grogan, utakuta dukani Mkikuyu, Mjaluo, Mkamba na Mhindi wakibishana kuhusu gasketi, na lugha wanayobishania si mali ya yeyote kati yao. Mimi nilikwenda huko kutafuta ringi. Niliulizwa maswali sita kabla ya mwuzaji kunyoosha mkono rafuni, na hakuna hata moja lililokuwa la kunipotezea wakati: petroli au dizeli, pistoni za kawaida au zilizoongezwa, bloki imewahi kuchongwa au la. Aliponipa bei ndipo mambo yakawa ya kawaida.

Hapo ndipo nawageukia walimu wenzangu. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 tuliambiwa shule zitawatoa vijana wenye mikono. Wazazi walichangishwa wakajenga karakana. Nyingi kati ya hizo leo ni stoo za madawati yaliyovunjika. Mwaka 1992 serikali ikatoa waraka rasmi wa kuendeleza biashara ndogo na jua kali. Sasa tuko katika mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, na ahadi ni ile ile. Katika hatua hizo zote sikumbuki mtu aliyeuliza kijana atajifunza ufundi kwa lugha gani, wala kama lugha ile atakayokutana nayo akishafika kazini ina nafasi yoyote katika kitabu chake. Katiba ya 2010, katika Ibara ya 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kila tarehe 7 Julai, siku ambayo UNESCO iliiweka mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, tunavaa kanga na kuisoma ibara hiyo kwa sauti. Tarehe 8 tunarudi kutunga mtihani wa makanika kwa Kiingereza.

Na somo la Kiswahili lenyewe tumelifanyia nini? Tumeligawa lugha na fasihi, tukalifungia humo. Mwanafunzi wetu akipewa insha atakwambia jinsi mashariki kulivyopambazuka, jinsi ndege walivyoimba na jinsi wahenga hawakukosea; kurasa tatu zitajaa, na mwishoni hujui ni nini kilichotokea. Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu wa mwaka wa pili zoezi la nusu ukurasa: mweleze mtu ambaye hajawahi kufanya hivyo jinsi ya kubadilisha gurudumu lililopata pancha kando ya barabara. Hawa ni vijana waliofaulu Kiswahili, na miongoni mwao wamo watakaokuwa walimu wenu. Wengi walianza na methali. Mmoja aliita jeki "kinyanyuzi," jambo ambalo ningelisamehe kama asingesahau kabisa kulegeza nati kabla ya kunyanyua gari. Aliyefanya vizuri kupita wote alikuwa binti ambaye babake ni utingo wa lori. Aliandika: legeza kwanza nati zote gurudumu likiwa chini, kwa maana likiwa juu litazunguka nawe. Nilimpa alama zote, na katika kikao cha idara nikaulizwa kama sentensi hiyo ina "mvuto wa lugha." Nilijibu kwamba ina mvuto kwa mtu aliye kando ya barabara ya Nakuru saa mbili usiku.

Sina nia ya kuwaambia walimu wa Kiswahili waache ushairi waende wakauze spea. Ninachotaka ni kidogo na hakigharimu bajeti. Insha ya maelezo ya kiufundi iwe na uzito sawa na insha ya methali. Wanafunzi wa kidato cha tatu wapelekwe gereji ya karibu, au kwa seremala, au kwa fundi wa baiskeli, siku moja katika muhula, na daftari. Warudi na maneno hamsini na maagizo matano, waeleze kila neno ni ngeli gani na kila kitenzi kiko katika kauli gani. Mwalimu atapata sarufi hai na fundi atapata kusikilizwa, jambo ambalo kwake si la kawaida. Na tafadhali, kijana akirudi akisema "gari imeharibika," msiitumie kalamu nyekundu kabla ya kusikia iliharibikaje. Mimi mwenyewe hupenda kusema gari limeharibika, lakini sijaona gari lililopona kwa upatanisho wa kisarufi.

Wapo watakaosema mzazi hataki Kiswahili cha gereji, anataka Kiingereza kitakachompa mwanawe kazi. Mzazi huyo namwelewa vyema. Lakini na atazame ni nani anayepata kazi na ni nani anayenyimwa. Neno fundi, ikumbukwe, lina mzizi mmoja na kufunda, kufunza, kufundisha na mwanafunzi. Wazee waliolipanga neno hili hawakumtenga mtu anayejua kazi na mtu anayeifundisha. Sisi tumewatenga, na mstari tuliowatenganishia ni karatasi ya mtihani.

Fundi wangu amefanya kazi hii tangu mwaka 1987. Amewafunza vijana ambao sasa wana gereji zao, na wawili kati yao wameajiriwa na makampuni makubwa kwa sababu walifika kidato cha nne. Yeye aliachia darasa la saba. Miaka michache iliyopita kampuni moja ilitaka kumpa kazi ya kutunza malori yake, mshahara wa kila mwezi na bima ya matibabu, kwa sharti kwamba awe na cheti. Alikwenda kwenye taasisi moja ambayo sitaitaja, akalipa ada, akafanya mtihani wa vitendo, akapita. Siku ya nadharia alipewa karatasi ya Kiingereza. Anasema swali la kwanza aliloliona lilikuwa na neno moja tu alilolitambua, nalo lilikuwa piston. Aliandika jina lake na namba, akakaa hadi wakati ulipokwisha kwa sababu aliona haya kutoka mapema.

Nilimwomba anionyeshe karatasi hiyo, kwa kuwa alikuwa ameihifadhi. Tulikaa juu ya bodi ya pikapu, injini ikiwa bado wazi, nikamsomea maswali kwa Kiswahili moja baada ya jingine. Swali la kwanza lilitaka kujua dalili za ringi za pistoni zilizochakaa. Alinitajia nne, na ya tano akanionyesha kwa kidole, kwenye pistoni iliyokuwa imelala juu ya gunia miguuni petu. La tatu lilihusu mpangilio wa kukaza bolti za silinda hedi. Hilo nilikuwa nalo kwenye daftari langu tayari. Kati ya maswali ishirini alijibu kumi na nane bila kusita, na katika moja ya yale mawili yaliyosalia alisema swali lenyewe lina kasoro, na baada ya kulisoma tena nilikubaliana naye.

Pikapu sasa inatembea. Imenigharimu shilingi 118,000 juu ya ile bei ya kwanza, haitoi moshi, breki zake zinashika juu, na dirisha la kushoto bado halipandi. Fundi amelipa ada tena. Mwezi uliopita niliiandikia taasisi hiyo barua, kwa Kiswahili, nikiomba mtahiniwa huyu asomewe maswali ya nadharia katika lugha rasmi anayoielewa na ajibu kwa lugha hiyo, nami nikajitolea kutafsiri karatasi nzima bila malipo. Nilijibiwa kwa sentensi mbili za Kiingereza kwamba kanuni haziruhusu. Nimeandika ya pili, nikaomba nitajiwe ni kanuni ipi. Mtihani ni mwezi wa Novemba.